Upepo uliamua nini pwani ya Afrika Mashariki, na nini kiliamuliwa na watu

Tarehe 24 Aprili 1498, Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji ule. Tarehe 18 Mei walikwisha kuiona milima ya India. Safari ya kurudi ilikuwa balaa. Waliondoka kisiwa cha Anjediva, kusini ya Goa, tarehe 5 Oktoba, kabla upepo haujageuka, wakatangatanga baharini mpaka tarehe 2 Januari 1499 walipoiona Mogadishu. Mabaharia wapatao 30 walikufa njiani kwa kiseyeye. Waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu, kwa hiyo moja, São Rafael, ilichomwa moto kusini ya Mombasa.

Bahari ilikuwa ile ile, merikebu zile zile, na nahodha yule yule. Kilichobadilika ni mwezi. Mtu yeyote aliyekulia Lamu au Kilwa enzi zile alijua kwamba Oktoba ni tangambili: kusi imechoka, kaskazi haijaingia. Huvuki bahari hiyo kwa tanga. Unangoja.

Wengi wakieleza chimbuko la utamaduni wa Waswahili huanza na biashara, wengine na dini, wengine na Waarabu. Mimi naona mahali pazuri pa kuanzia ni kungoja huko, kwa sababu ndipo tabianchi, jiografia na historia zilipokutana, na ndipo mtu anapoweza kuzitenganisha akaona ipi ilifanya nini. Hoja yangu ni hii: mazingira huweka gharama ya kila njia, watu huchagua ipi waigharimie, na chaguo likishakuwa desturi huendelea kuishi hata gharama ile ikishaondoka. Anayeyapa mazingira zaidi ya hapo anawanyang'anya watu akili zao, na anayeyapa pungufu hataelewa kwa nini Kilwa ilikuwa pale ilipokuwa.

Upepo wenyewe

Nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, na hupoa upesi kuliko bahari. Asia inapochemka katikati ya mwaka, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa nzito ya baharini huvutwa kwenda kujaza nafasi hiyo. Hewa hiyo ikipita kwetu tunaiita kusi. Mwisho wa mwaka Asia imepoa, mambo yanageuka, na kaskazi inashuka pwani mpaka Machi hivi. Masika na vuli huangukia katika vipindi vya kupokezana.

Bahari ya Hindi imefungwa upande wa kaskazini na bara kubwa kuliko yote duniani. Atlantiki na Pasifiki ziko wazi upande huo, kwa hiyo pepo zake kuu huvuma mwaka mzima kuelekea upande mmoja. Huku kwetu njia nzima inageuka, na inageuka kwa tarehe ambazo mtu anaweza kuzikadiria. Jahazi lenye tanga moja na nahodha mwenye kumbukumbu nzuri liliweza kwenda Maskati au Gujarati na kurudi, mwaka baada ya mwaka.

Kusi ina ukali wake. Juni na Julai bahari huchafuka kiasi kwamba bandari nyingi za magharibi ya India zilikuwa hazifikiki. Aliyetaka kwenda huko aliondoka mwanzoni mwa kusi, Aprili, au alisubiri demani, upepo ulipotulia kuanzia Agosti. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyefika na kaskazi akachelewa kumaliza shughuli zake kabla ya Aprili alikuwa amejifunga kwa miezi kadhaa zaidi.

Kaskazi nayo hudhoofika kadiri inavyoshuka kusini, na ukiipita Rasi ya Delgado huwezi kuitegemea tena. Hapo ndipo Kilwa ilipopata bahati yake. Chombo kutoka Uarabuni au India kiliweza kufika Kilwa na kurejea bila kupoteza mwaka wa pili. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, hata hivyo, ilitokea Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, mbali zaidi kusini. Safari mbili zikakutana Kilwa: ile ya bahari kuu iliishia pale, na ile ya pwani, kwa mitepe iliyoshonwa kwa kamba za nazi na kuvutwa na tanga la mkeka, ilianzia pale.

Lakini Mafia iko jirani na Kilwa, na hupata kaskazi ile ile, wala haikuwa Kilwa. Tofauti iko kwa watawala. Ukoo wa Mahdali, walioshika Kilwa mwishoni mwa karne ya 13, waliifanya njia ya Sofala iwe mikononi mwao. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba lililokaa juu ya mwamba likitazama bahari, na akapiga sarafu za shaba zenye jina lake katika maneno yenye vina. Moja ya sarafu hizo ilichimbuliwa Great Zimbabwe, mamia ya kilomita ndani ya bara. Upepo ulitoa nafasi kwa bandari zaidi ya moja. Kilwa iliichukua.

Mgeni wa miezi minne

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona jambo lililomvutia kiasi cha kulieleza hatua kwa hatua. Chombo kikifika, vijana wa mjini hukiendea kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja chakula kile na kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Tangu hapo mfanyabiashara huyo hafikii kwingine ila nyumbani kwa mwenyeji wake. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Mtu akimpunja mgeni bei, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara hiyo haihesabiki.

Tazama kinachofanyika hapo. Mgeni wa siku tatu unaweza kumlaza popote. Mgeni wa miezi minne anahitaji ghala lisilovuja, mtu wa kumdhamini, mtu wa kumuuguza akishikwa na homa, na wa kumwosha na kumzika akifa. Hana mahakama ya kwao, wala ndugu. Kilichomlinda ni sifa ya nyumba aliyofikia. Na mwenyeji naye, ili apate wageni mwaka ujao, hakuwa na mtaji mkubwa kuliko jina lake. Msimu wa upepo uliifanya heshima ya mtu iwe kitu cha kupimwa na kulipiwa.

Ndiyo maana nyumba zenyewe zinaeleza mengi. Matumbawe yakitolewa baharini yangali mabichi huwa laini, na fundi huyachonga mihrabu, nakshi na fremu za milango kabla hayajakauka na kuwa magumu. Matumbawe hayo hayo yakichomwa hutoa chokaa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina kikomo: mti wa mikoko haukupi gogo refu lililonyooka, kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe kutoka Lamu hadi Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Boriti hizo za Lamu na Rufiji zilisafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi, kusikokuwa na miti, na huko nako zikaamua upana wa vyumba. Msitu wa deltani umepima sebule za watu wasiowahi kuuona.

Jiolojia na mimea ilitoa jiwe na nguzo. Haikusema nani ajenge kwa mawe. Watu wengi wa miji hiyo waliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambazo ni baridi zaidi, rahisi zaidi na zinafaa hali ya hewa vizuri kabisa. Nyumba ya mawe ilijengwa na aliyetaka kuonekana hahami. Ukuta mnene uliopakwa chokaa ulimwambia mgeni aliyekuja na kaskazi kwamba mwakani atamkuta mwenyeji wake pale pale. Baraza iliyo mlangoni ilipokea watu bila kuwafikisha ndani, na kadiri ulivyoingia ndani ndivyo ulivyokaribia mambo ya familia, hadi kwenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, uliopangwa vyombo vya kauri kutoka China. Joto peke yake lisingeleta mpangilio huo. Joto, dini, na biashara inayotegemea wageni vikichanganyika, unaleta maana.

Mgeni wa miezi mingi pia huoa. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja manahodha wa Kiarabu waliokuwa wakioa wenyeji wa pwani hii na kujua lugha yao. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu waliozikwa katika miji ya pwani kati ya karne ya 13 na ya 18. Ulionyesha kwamba mchanganyiko mkubwa ulianza karibu na mwaka 1000. Asili ya Kiafrika ilitoka hasa kwa akina mama, na asili ya Asia, zaidi ya yote Uajemi, ilitoka hasa kwa akina baba. Hilo linakubaliana na namna upepo ulivyofanya kazi: wanaume ndio waliosafiri, na walifikia kwenye nyumba ambazo tayari zilikuwa na wenyewe.

Neno "tayari" hapo nalisisitiza, kwa sababu wasomi wengi wa enzi ya ukoloni waliiona miji hii kama makoloni ya wageni yaliyopandikizwa Afrika. Uchimbaji wa Shanga, katika visiwa vya Lamu, ulionyesha tofauti. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, kuanzia karne ya 8, katikati ya kijiji cha nyumba za udongo na vyungu vya kienyeji. Mji ulikua kutoka ndani. Kiswahili chenyewe ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, na sarufi yake ni ya Kibantu tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuipima hoja

Kama upepo ungekuwa ndio mwamuzi, kila ulipovuma tungekuta jamii moja. Hatuikuti. Komoro iko ndani ya njia zile zile za bahari, watu wake ni Waislamu, lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Lakini Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, nyumba na ardhi ya ukoo hupitia kwa binti, na mume huhamia kwa mkewe. Madagaska iko mbele kidogo tu. Lugha yake ina asili ya visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia, na jamaa wake wa karibu ni lugha ya Borneo, kwa sababu mabaharia wa huko walivuka bahari na kuanzisha jamii mpya. Upande wa kaskazini, pwani ya Somalia hupata upepo huo huo ila mvua chache, na nyuma ya miji yake ufugaji ulitawala. Bahari moja na pepo mbili zilikuta watu wenye asili, ukoo na urithi tofauti, na kila jamii ikafanya yake.

Nasema haya kwa sababu dhana ya kwamba tabianchi huumba tabia ya watu ina historia mbaya. Montesquieu, mwanafalsafa wa Kifaransa wa karne ya 18, aliandika kwamba joto huwafanya watu wawe wavivu na wenye kukubali kutawaliwa. Fikra za namna hiyo zikaja kutumika kuhalalisha ukoloni, kana kwamba jua lilikuwa limeshatoa hukumu. Pwani hii ya joto ilikuwa na miji inayojitawala, ushairi, sheria na fedha yake. Iliposhambuliwa na Wareno mwaka 1505, Kilwa na Mombasa zikaporwa, kilichozishinda ni mizinga na watu walioamua kuitumia. Husuni Kubwa ilikuwa imeachwa muda mrefu kabla ya hapo, lakini mtandao wa biashara ulioilisha Kilwa ulivunjwa na uamuzi wa binadamu, katika bahari ambayo pepo zake hazikuwa zimebadilika hata kidogo.

Mfano ninaoupenda zaidi wa namna mambo haya yanavyofumana ni kalenda. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi ukilinganisha na jua. Kwa swala, saumu na hija hakuna tatizo. Kwa nahodha anayetaka kujua kaskazi itaingia lini, au mkulima anayengoja masika, kalenda hiyo haisaidii, maana Ramadhani inaweza kuangukia msimu wowote. Pwani ikashika kalenda mbili. Ya pili ni ya Nairuzi, inayofuata jua, yenye asili ya Uajemi, ambayo siku zake huhesabiwa kwa miongo, yaani makumi. Mabaharia na wakulima walipanga kazi zao kwa hiyo. Sherehe ya Mwaka Kogwa, inayofanyika Makunduchi mwezi Julai, ndiyo mwanzo wa mwaka huo. Tabianchi ilidai kalenda ya jua. Kwamba ikawa hii ya Kiajemi ni historia, kazi ya watu waliokuja na upepo ule ule.

Karafuu, mbung'o na mpagazi

Katika karne ya 19 sababu hizi zilishikana kwa namna ya kuumiza. Sayyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja na kuagiza mikarafuu ipandwe. Mkarafuu unataka mvua na udongo wenye kina, na Unguja ina udongo huo upande wa magharibi. Mashariki na kusini ni mawe ya matumbawe yenye udongo mchache. Mashamba makubwa yakachukua magharibi, na Wahadimu wengi, wenyeji wa kisiwa hicho, wakasukumwa kwenye maweni. Mpaka wa kijiolojia ukageuka kuwa mpaka wa kijamii. Waliofanya kazi mashambani walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Udongo haukudai utumwa. Karafuu ingeweza kulimwa na watu huru, na baadaye ndivyo ilivyolimwa.

Kisha, Aprili 1872, kimbunga kikapiga Unguja. Vimbunga huwa adimu sana karibu hivyo na ikweta, na hakuna aliyekuwa amejiandaa. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'oka. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, bei ikapanda, na wenye mali wakageukia huko. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi zaidi ya Zanzibar. Dhoruba moja ilihamisha kitovu cha uchumi kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, na hali hiyo ikadumu vizazi na vizazi, pamoja na manung'uniko yake ya kisiasa kuhusu nani analima na nani anafaidi. Mwaka mmoja baadaye, 1873, soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria. Mtu akitaka kueleza Zanzibar ya baadaye kwa kimbunga peke yake, au kwa mikataba peke yake, atakwama.

Upande wa bara, kikwazo kilikuwa mdudu. Nyuma ya pwani kuna nyika kavu, na baada yake misitu ya miombo yenye mbung'o. Mbung'o hueneza nagana, inayoua ng'ombe, farasi na punda. Mito kama Tana na Rufiji haipandiki kwa vyombo hadi mbali. Kwa hiyo pembe za ndovu zilibebwa na watu. Soko la Ulaya na Marekani lilipotaka pembe kwa ajili ya vibonye vya piano na mipira ya biliadi, misafara mirefu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliokuwa mabingwa wa njia hizo, ilipita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Gari la kukokotwa na ng'ombe linahitaji waendeshaji wachache. Msafara wa wapagazi ni mamia ya watu wa makabila mbalimbali wanaotembea pamoja kwa miezi, na lazima waelewane. Mdudu asiyezidi urefu wa kucha alichangia sana kukipeleka Kiswahili hadi Kongo.

Upepo wenyewe ulipoteza nguvu zake za kuamuru katika miaka iyo hiyo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, meli za mvuke zikaanza kutia nanga Unguja, na meli ya mvuke haingoji demani. Majahazi yaliendelea kuja Mombasa na Unguja hadi katikati ya karne ya 20, yakipungua kidogo kidogo. Lakini baraza zilibaki, ukarimu wenye taratibu zake ulibaki, Nairuzi ilibaki, na lugha iliyolelewa na kungoja kule ilikuwa imeshafika Maziwa Makuu. Wajerumani wakaitumia katika utawala, wamisionari katika shule.

Waingereza walipotaka Kiswahili kimoja cha vitabu kwa makoloni yao, ilibidi lahaja moja ichaguliwe. Lamu, Mombasa na Unguja zilikuwa zimepata kaskazi na kusi zile zile kwa miaka elfu. Mombasa ilikuwa na ushairi wa Kimvita ulioheshimiwa kila mahali. Unguja ilikuwa ndiko misafara ilikopata mtaji, na Kiunguja ndicho kilichokuwa kimeenea bara. Mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928 ukachagua Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia vitabu, na wanafunzi wa Mombasa wakaanza kusoma darasani kwa lahaja ya Unguja.